Podikasti Darasani: Sauti Inayokubali Kusimamishwa

Katika mtihani wa KCSE, ambao tangu mwaka 1989 umekuwa ndio mizani ya kuwapimia vijana wa Kenya wanaomaliza kidato cha nne, mwanafunzi wa Kifaransa huwekewa sauti iliyonaswa, akatega sikio, kisha akajibu maswali juu ya yale aliyoyasikia. Ilhali mwenzake anayetahiniwa Kiswahili hupewa karatasi tatu, ya insha, ya lugha na ya fasihi, na katika zote tatu sikio lake haliulizwi neno. Waliopanga hivyo hawakuwa na nia mbaya. Walifuata dhana iliyoenea tangu zamani, ya kwamba kuisikiliza lugha ya wageni ni elimu inayopaswa kufundishwa na kupimwa, lakini kuisikiliza lugha ya nyumbani ni tabia ya maumbile, mfano wa kuvuta pumzi, ambayo kila mwenye masikio mazima amekwisha kujaaliwa.

Dhana hiyo si sahihi, na madhara yake hayahitaji darubini. Kijana awezaye kuudaka wimbo mpya mpaka akaukariri wote kwa jioni moja, mwekee hotuba ya dakika 10 yenye hoja, pingamizi na jibu, kisha muulize msemaji alidai nini, alileta ushahidi gani, na ni swali lipi alilolikwepa. Aghalabu utapata neno moja moja lililomnasa njiani, na hoja yenyewe imemponyoka. Wazee wa mwambao walilijua jambo hili bila ya kuliandikia mtaala. Chuoni mtoto alisoma mbele ya mwalimu, na mwalimu, ambaye pengine hakuwa hata na msahafu mkononi, alimrudisha kwa herufi moja iliyotoka mahali pasipo pake. Barazani kijana aliruhusiwa kukaa karibu na watu wazima kwa sharti la kunyamaza. Na tenzi zilighaniwa kadamnasi, hata asiyejua kusoma akaweza kusema ni ubeti upi ulioharibika vina. Skuli ya ubao na chaki ilituletea kheri nyingi, lakini sikio ililiacha nje ya mlango.

Ni kwa ajili hiyo nimekusudia kuzungumza juu ya podikasti, wala si kwa kuwa ni kitu kipya cha kuwashangaza wanafunzi, maana upya wake umekwisha kuchakaa. Jina lenyewe lilitokea katika gazeti la The Guardian la Uingereza mwezi Februari 2004, mwandishi Ben Hammersley alipokuwa akitafuta la kuliita jambo ambalo watu kama Dave Winer na Adam Curry walikuwa wakilihangaikia: kuiambatisha sauti iliyonaswa na orodha ya mtandaoni, ili chombo cha msikilizaji kiende chenyewe kuitazama orodha ile, kikikuta kipindi kipya kikichukue na kukiweka, mpaka mwenyewe apate wasaa. Hakuna zaidi ya hayo. Si uchawi, wala si redio. Ni faili la sauti linalomngoja mtu.

Na faili hilo ni jepesi kuliko wengi wanavyodhani. Sauti ya mazungumzo iliyohifadhiwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, ambacho kwa sauti ya binadamu kinatosha kabisa, haizidi megabaiti 29 kwa saa nzima. Kipindi cha dakika 20 hakifiki megabaiti 10, na kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 1, ambayo siku hizi ni kama imetupwa, hubeba zaidi ya saa 30 za maneno. Maana yake ni kwamba mwalimu wa skuli iliyo mbali na mnara, akishuka mjini Jumamosi kwa shughuli zake na kupakua anachokitaka mahali penye mtandao wa nguvu, Jumatatu anaingia darasani na somo lake mfukoni, asihitaji bando, wala umeme zaidi ya ule uliomo katika betri ya simu na ya spika ndogo ya kubebea. Wanaohubiri kompyuta kwa kila mwanafunzi na video kwa kila somo wana haki ya ndoto zao. Hili ninalolisema linawezekana wiki ijayo.

Sauti kuingia darasani si jambo la jana. Tarehe 4 Aprili 1924 mwanamuziki Walford Davies alizungumza na watoto wa skuli za Uingereza kupitia BBC, na huku kwetu, Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kusikika mwaka 1951, haikupita miaka mingi kabla ya watu wa elimu kuitazama redio kwa jicho la tamaa. Walakini redio ilikuwa na ila mbili ambazo hakuna fundi aliyeweza kuzifuta: huja kwa saa yake yenyewe, na ikianza kusema haisimami. Kengele ikichelewa, mvua ikinyesha juu ya mabati, mwalimu akiitwa ofisini, somo limekwenda zake na halirudi.

Ila ya pili iliwashughulisha wataalamu mapema, nao wakaitafutia hila nzuri. Katika miaka ya 1970 nchini Nikaragua, watu wa Chuo Kikuu cha Stanford walishirikiana na wenyeji kutayarisha masomo ya hisabati ya redio kwa watoto wa skuli za msingi, na ndani ya masomo yale wakaacha mapengo ya makusudi: redio inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu kwa sauti, kisha redio inaendelea kama kwamba imewasikia. Mtindo huo wa masomo ya kujibizana ukafika Kenya, ambako kati ya mwaka 1980 na 1985, chini ya Taasisi ya Elimu ya nchi hiyo, watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu walifundishwa Kiingereza kwa vipindi vya nusu saa, na tathmini zikawakuta wamewatangulia wenzao katika kusikia na katika kusoma. Baadaye ukafika Zanzibar, na wako vijana wa Unguja na Pemba, leo watu wazima, waliopata kuhesabu na kuimba pamoja na kipindi cha Tucheze Tujifunze.

Pengo lile ndilo lililokuwa siri ya kazi yote. Wengi walisifu redio, wakasifu nyimbo, wakasifu sauti za waigizaji, kumbe kilichofundisha ni sekunde chache za kimya ambazo mtoto alilazimika kuzijaza. Lakini lilikuwa pengo la studio, limepimwa na mtu ambaye hakuliona darasa: sekunde zile zile kwa darasa la watoto 30 na kwa darasa la watoto 90, kwa wepesi na kwa wazito, kwa waliokula na kwa waliokuja na njaa. Podikasti imeutoa uwezo huo studio ikautia katika kidole cha mwalimu. Yeye ndiye anayeuona uso wa mtoto aliyepotea, na yeye ndiye anayejua ni wapi pa kusimamisha, ni wapi pa kurudisha nyuma, na ni wapi pa kuliacha darasa likae kimya hata kimya chenyewe kiwachoshe, mmoja wao akanyoosha mkono. Mimi sioni fadhila nyingine ya podikasti inayoikaribia hiyo, na mwalimu asiyekusudia kuitumia afadhali asijisumbue, kwa sababu kuwawekea watoto kipindi cha dakika 40 toka mwanzo hadi mwisho na kwenda kusahihisha madaftari nyuma ya darasa si kufundisha, ni kupumzika.

Tanzania ilikuwa na ushahidi wake mkubwa zaidi juu ya jambo hili, nao haukutoka skuli. Mwaka 1973 ilipofanyika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio, vijijini na mijini. Hawakukusanywa ili wahutubiwe. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake na kijitabu chake. Walisikiliza kipindi, redio ikazimwa, wakasoma, wakajadiliana juu ya maji yao, mbu wao na vyoo vyao, kisha wakaamua la kufanya, na mashimo ya vyoo yakachimbwa. Redio ilianzisha mazungumzo, na watu wakayamaliza. Atakaye kujua podikasti itumiwe vipi darasani hana haja ya kuagiza mwongozo kutoka ng'ambo. Aende akawaulize wazee waliokaa katika vikundi vile.

Ila ya kwanza, ile ya saa, tuliionja uchungu wake mwaka 2020. Skuli zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, katika Kenya na katika Tanzania vile vile, masomo yalipelekwa redioni na katika televisheni, na jitihada hiyo yastahili shukurani. Lakini mtoto ambaye saa ya somo ilimkuta kisimani, au ambaye redio pekee ya nyumbani ilikuwa mikononi mwa baba aliyetaka habari, alilikosa somo lile moja kwa moja. Laiti masomo yale yangalihifadhiwa yote kama mafaili, yakapangwa kwa darasa na kwa mada, yakagawiwa bure kwa yeyote mwenye kadi, leo tungekuwa na hazina badala ya kumbukumbu.

Wapo watakaosema kwamba kusikiliza sauti iliyohifadhiwa ni ada ya wageni. Hao wameisahau kanda. Katika miaka ya 1980 na 1990, kutoka Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, kanda za mawaidha ziliuzwa mbele ya misikiti, zikaazimwa nyumba kwa nyumba, na akina mama waliokuwa jikoni walimsimamisha sheikh katikati ya aya kwa kubonyeza kitufe, wakabishana juu ya maana, wakamrudisha nyuma aseme tena. Sijui darasa lililo bora kuliko hilo, na hapakuwa na aliyeliita teknolojia ya elimu.

Huko Marekani, ambako podikasti imeota mizizi, hayakukosekana ya kutuzindua. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Duke kiliwagawia wanafunzi wake wapya, zaidi ya 1,600, kila mmoja iPod yake, kwa matumaini kwamba matumizi yatajitokeza yenyewe. Baadhi yalijitokeza, hasa katika masomo ya lugha na ya muziki. Hata hivyo mwaka uliofuata chuo kiliacha kumgawia kila mtu, kikavipeleka vyombo katika madarasa yenye haja navyo. Walianza na chombo wakakitafutia kazi. Sisi ambao hatuna fedha za kukosea kwa kiasi hicho yatupasa kuanza na kazi.

Kisha ikaja Serial. Kipindi hicho cha mwandishi Sarah Koenig, kilichoanza mwezi Oktoba 2014, kilichunguza wiki baada ya wiki kesi ya msichana wa skuli wa Baltimore aliyeuawa mwaka 1999, na ya kijana aliyefungwa kwa mauaji yake, nacho kikavuta wasikilizaji ambao podikasti haijapata kuwavuta kabla yake. Walimu wa Kiingereza wakakidaka. Mmoja wao, wa California, aliandika katika jarida la The Atlantic mwaka 2016 jinsi wanafunzi wake walivyosikiliza huku wakifuata maneno katika nakala ya maandishi, na jinsi walivyoyasoma maandishi hayo kwa bidii ambayo hakuizoea. Ukitazama utaona ni kwa nini: mwelezaji mwenyewe hakuwa na yakini, alibadili rai yake kila wiki, na mwanafunzi aliyezoea vitabu vyenye jibu nyuma alilazimika kupima shahidi mmoja kwa mwingine. Hayo ni mazuri. Lakini mimi nina dukuduku. Marehemu yule alikuwa mtoto wa watu, ana wazazi na ndugu, na kufa kwake kukafanywa zoezi la vijana wa umri wake wasiomjua, wakikisia darasani nani aliyemuua. Mahakama zenyewe ziliendelea kuivuta kesi hiyo huku na huku kwa zaidi ya miaka 10 baadaye. Mwalimu mwenye adabu atatafuta ukakasi wa ushahidi mahali pengine. Mgogoro wa ardhi uliokwisha, au sababu za kuzama kwa chombo zilizokwisha kuchunguzwa na tume, humpa mwanafunzi mazoezi yale yale bila ya kuchezea msiba wa mtu.

Sasa tuje kwenye darasa lenyewe, lenye watoto 70, madawati yasiyotosha, na mwalimu mwenye simu moja. Jambo la kwanza ni ufupi. Dakika 5 hadi 8 za sauti zinajaza kipindi cha dakika 40 zikitumiwa kama inavyopasa, na anayeleta dakika 20 atamaliza sauti asimalize somo. La pili, mwalimu awe amesikiliza mwenyewe, zaidi ya mara moja, kalamu mkononi, akiandika dakika na sekunde za mahali atakaposimama. Huko ndiko kutayarisha somo, na hakuna njia ya mkato. Maneno mageni mawili matatu yaandikwe ubaoni kabla, na pamoja nayo swali moja tu la kusikilizia, kwa sababu mtu asiyejua anasikilizia nini husikiliza kila kitu na asiambulie kitu.

Mara ya kwanza sauti ipite bila kusimama, na vitabu vimefungwa. Mara ya pili ndipo kidole cha mwalimu kinapoanza kazi. Akifika mahali msemaji ametoa dai, asimamishe, aulize: mnadhani ataleta ushahidi gani? Watoto wabashiri, waandike ubashiri wao, kisha sauti iendelee iwasadikishe au iwakadhibishe. Akifika mahali mhojiwa ameulizwa swali na kujibu jingine, asirudie kwa haraka kuwaonyesha. Arudishe nyuma sekunde 30, awasikilizishe tena, angoje. Darasa likigundua lenyewe kwamba mtu mkubwa, mwenye cheo na sauti nzito, amekwepa swali, limejifunza somo la uraia ambalo kitabu hakiliwezi. Mara ya tatu, ikiwa muda unaruhusu, ni ya wanafunzi: mmoja mmoja anasema wapi pasimamishwe na kwa nini.

Kelele ndizo adui, hasa kelele za mvua juu ya bati, na dhidi yake sina dawa ila kuwakusanya watoto karibu na spika au kuahirisha. Mtoto mwenye uzito wa masikio, na katika kila darasa kubwa yumkini yupo hata kama hajatambuliwa, awekwe mbele na apewe maandishi ya kipindi, hata yakiwa ya mkono wa mwalimu. Na kiziwi asifanywe mtazamaji wa somo la wengine. Haya si mapambo ya ubinadamu. Ni sharti la kazi.

Na wasikilize nini? Kiswahili hakina upungufu kama inavyodhaniwa. Redio ya Ujerumani, DW, ilianza mwaka 2008 kutayarisha michezo ya redio kwa vijana iitwayo Noa Bongo, Jenga Maisha Yako, yenye masomo ya afya, siasa, mazingira na elimu ya wasichana, katika visehemu vifupi vinavyoenea katika kipindi cha skuli. Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa ina sehemu fupi ya kuchambua neno au methali, inayowaleta wataalamu wa lugha wa Tanzania na Kenya, wakiwamo wa mabaraza ya Kiswahili, BAKITA la Tanzania na BAKIZA la Zanzibar, na ambayo kwa mwalimu wa Kiswahili ni kama imepimwa kwa kipimo chake. Zipo Dira ya Dunia ya BBC na taarifa nyingine za habari, ambazo mwalimu wa historia au uraia aweza kuzilinganisha, tukio moja kwa vinywa viwili. Zipo pia podikasti za mazungumzo za vijana wenyewe, na humo mwalimu aingie kwa tahadhari: nyingi ni porojo za saa mbili, zimejaa matangazo ya kamari na madai ambayo hakuna mhariri aliyeyapitia. Hata hizo zina kazi yake. Dakika 5 za madai ya uongo juu ya chanjo, zikisimamishwa mahali panapostahiki, zinafundisha kuliko onyo la saa nzima.

Kwa Tanzania Bara liko jambo la ziada, nalo ni lile daraja gumu ambalo mtoto aliyesoma miaka 7 kwa Kiswahili hulivuka siku anapoingia kidato cha kwanza na kukuta kila somo ni kwa Kiingereza. Tatizo lake la kwanza si kuandika, bali ni kusikia: maneno anayoyajua kwa macho hayatambui yakipita masikioni, na mwalimu wake wa fizikia hana nafasi ya kurudia mara tano. Faili la sauti halichoki kurudia. Skuli inayoweza kuwanasia wanafunzi wake maelezo mafupi ya istilahi za kila mada, kwa sauti ya mwalimu wao wenyewe na kwa mwendo wa polepole, itakuwa imemrahisishia mtoto huyo mambo kuliko kamusi.

Lakini kusikiliza ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Mwaka 2019 redio ya umma ya Marekani, NPR, iliwashindanisha wanafunzi wa nchi nzima katika kutengeneza podikasti, na washindi wawili wa kwanza ndio walionifanya niamini kwamba jambo hili lina uzito. Kundi moja lilikuwa la wasichana wadogo wa Bronx, New York, waliozungumza juu ya hedhi na aibu inayoizunguka, jambo ambalo nyumbani husemwa kwa kunong'ona. Kundi la pili lilikuwa la wanafunzi wa sekondari ya Elizabethton, Tennessee, waliokwenda katika mji jirani wa Erwin kutafuta kisa ambacho wenyeji wake wangependa kisahauliwe: mwaka 1916 katika mji huo alinyongwa tembo wa sarakasi, Mary, kwa winchi ya reli, baada ya tembo huyo kumuua mtunzaji wake. Vijana wale hawakuishia kusimulia ukatili. Waliwauliza watu wa leo wa Erwin wanaishije na sifa ile, na wakakuta mji unaojaribu kuitubia kwa kuchangia hifadhi ya tembo. Swali kama hilo haliandikwi na mwalimu. Hutoka katika kwenda, kuuliza na kusikiliza majibu mpaka mwisho.

Ninapolitazama hilo nakumbuka kichekesho kimoja cha skuli zetu, kama kichekesho ndilo jina lake. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa njia za kukusanya data nyanjani: mahojiano, ushiriki, vinasa sauti, kila njia na ubora wake na udhaifu wake, naye huzikariri, akaziandika katika mtihani, akapata alama zake, bila ya kupata kumnasa hata bibi yake. Anaweza kukutajia hasara nne za kinasa sauti ambacho hajakishika. Na huku kila siku, Pangani, Kilwa, Lamu na Mikindani, wanaondoka watu waliokuwa wakijua majina ya pepo na miamba, nyimbo za kutwanga, na habari za majahazi yaliyokwenda na kusi na kurudi na kaskazi. Chombo cha kuwanasa kimo mfukoni mwa mwalimu. Wanafunzi, ambao skuli nyingi kwa sababu zinazoeleweka haziwaruhusu kuja na simu, waweza kupangwa makundi ya watu 6, kila kundi likapewa jioni moja na simu ya skuli, maswali 10 waliyoyatunga na kuyakosoa wenyewe, na mzee mmoja wa mtaa. Kuhariri dakika 40 za maneno ya mzee mpaka zikabaki 6 zisizomdhulumu ni zoezi la ufupisho ambalo halina mfano, na programu za kuhariria, kama ile iitwayo Audacity, hupatikana bure.

Adabu zake zifundishwe kabla ya chombo. Mzee aombwe idhini, aelezwe sauti yake itakwenda wapi, na akikataa neno fulani lisitoke, lisitoke. Mtoto asinaswe habari za nyumbani kwao zitakazomwaibisha kesho. Wala si lazima kila kilichonaswa kirushwe mtandaoni. Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu mwaka 2018, na mwalimu mkuu mwenye busara atazisoma kabla ya kufungua chochote kwa umma. Kipindi kilichowekwa katika kadi ya skuli, kikasikilizwa na wazazi siku ya mkutano, kimekwisha kufanya kazi yake.

Kizuizi kilichobaki ni kile tulichoanza nacho. Mwalimu anafundisha kinachotahiniwa, na hatumlaumu, maana yeye naye hupimwa kwa matokeo. Kenya imekwisha kuweka Kusikiliza na Kuzungumza kuwa mada kuu mojawapo katika mtaala mpya wa umilisi, na KCSE yenyewe inaelekea ukingoni. Basi wanaotunga mitihani itakayoirithi, na wenzao wa Baraza la Mitihani la Tanzania, wamfanyie mwanafunzi wa Kiswahili uadilifu ule ule anaofanyiwa wa Kifaransa: wamwekee dakika 5 za sauti, mara mbili, na maswali 10. Gharama yake ni spika moja kwa kila chumba, na utaratibu wake unajulikana, kwa kuwa baraza la Kenya limekuwa likiufanya kwa lugha ya watu wengine miaka yote hii.